Mguu Uliopimwa kwa Ukili

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Pale Ngamiani, mjini Tanga, mtu akitaka kuozesha au kusoma hitima, kabla hajaalika mgeni hata mmoja alikuja kwetu kuuliza Mama ana nafasi lini. Pilau ya watu wengi ina mambo yake. Sufuria yake mtoto angeweza kukoga ndani, mwiko wake mrefu kama kafi, na mwiko ule hauendi kwa mkono mmoja. Mpishi husimama, miguu kaitanua, kibwebwe kiunoni, mikono yote miwili kwenye mwiko, na hakai mpaka mchele uive na makaa yapande juu ya mfuniko. Nilimwona Mama amesimama hivyo tangu nikiwa mgongoni kwake.

Mwaka mmoja alikanyaga msumari. Kuni za siku hiyo zilikuwa mbao za makasha ya bandarini, na hakuna aliyekumbuka kung'oa misumari. Aliuchomoa mwenyewe, akapaka mafuta ya taa, akaendelea kukoroga. Kidonda kikaziba juu, ndani kikaoza. Tulipomfikisha hospitali ya Serikali, mguu ulikwisha kuwa mweusi hadi juu ya kifundo. Wakaukata chini ya goti. Daktari alimwambia ashukuru, goti lake amebaki nalo. Mama akashukuru.

Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne, nimekaa nyumbani nashona kofia na kuota ndoto za mchana, kazi ambayo Shangazi alisema ndiyo niliyosomea. Baba alikuwa amekwisha fariki. Tulikuwa watatu: Mama, mimi na Shangazi, dada yake Baba, msusi wa mikeka.

Mama akarudi na magongo mawili. Kwa magongo aliweza kwenda popote, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha pata kazi. Hukorogi pilau na magongo kwapani. Basi shughuli zikaanza kwenda kwa mpishi mwingine, mwanamke wa mtaa wa Chuda, mpana, mcheshi, mkono wake mzuri pia. Watu hawakumtupa Mama. Walimwalika, wakamtandikia mkeka pamoja na vikongwe, wakamwekea ungo mbele. "Wewe chagua mchele tu, bibie, upumzike." Akachagua.

Alitaka kusimama kwenye sufuria tena. Hakutaka kingine, wala hakuficha. Shangazi akimwambia apumzike, kapika vya kutosha, alijibu, "Nitapumzika nikifa, na siku hiyo mtanipikia vibaya."

Habari ya mguu tuliipata kwa nesi aliyekuwa akimfunga kidonda. Alisema nyuma ya hospitali kuna karakana, yupo fundi anayechonga miguu ya watu, na Serikali inatoa bure. Neno hilo mimi nililibeba mpaka nyumbani kama nimeokota dhahabu. Usiku na mchana nikaona mguu. Niliuona mwekundu wa kung'aa, wenye vidole na kucha, kama wa lile sanamu la mwanamke katika duka la nguo la Mhindi. Nikawaza namna tutakavyoutia hina.

Tulikwenda asubuhi, watatu wote. Nje ya karakana kulikuwa na benchi, na benchi zima wanaume, karibu wote watu wa mashamba ya mkonge. Mmoja mkono wake umeishia kwenye kiwiko, mwingine mguu umebaki chini ya kitoroli cha reli ya shambani. Walipomwona Mama wakasogea kumpa nafasi.

"Shikamoo, mama," akasema yule wa mkono. "Nawe umeliwa na korona?"

Korona ndiyo mashine inayokamua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi. Ikishika kitambaa cha shati haiachi mwenye shati.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimeliwa na pilau."

"Basi una bahati. Sisi tumeliwa na kamba."

Benchi zima likacheka. Mimi nikaanza kulia, sijui kwa nini, kwa sababu hata yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Mama akanifinya. "Nyamaza. Watadhani wewe ndiye uliyekatwa."

Fundi alikuwa mtu wa milimani, Lushoto, Mkristo, na alipenda kuimba nyimbo za kanisani kwa pua huku akipiga randa. Kalamu sikioni, maranda kwenye nywele. Alimtazama Mama, akatutazama sisi, akakwaruza kidevu.

"Mwanamke sijapata kumchongea," akasema. "Lakini mguu ni mguu. Keti hapa, mama, upandishe nguo nipime."

"Nipandishe mpaka wapi?"

"Pajani. Mguu unafungwa kwa ngozi pajani, ndipo unaposhikia."

"Mwanangu, mimi nina umri wa mama yako."

"Ndiyo maana mimi sioni haya, mama."

"Mimi ninazo."

Fundi akajaribu tena, kwa adabu. Je, daktari hakuuona mguu? Mama akamjibu kwamba daktari aliuona yeye akiwa mgonjwa, na mgonjwa hachagui; leo yeye ni mzima. Nesi tuliyemjua alikuwa wodini, hawezi kutoka. Nje wale wa benchi wakaanza kukohoa kwa kungoja. Mwisho fundi akasema basi, mpimeni wenyewe nyumbani, mniletee kipimo. Akatuonyesha kwenye mguu wake yeye: mguu mzima kutoka goti hadi chini, paja mzunguko wake, kigutu kilichobaki urefu wake, na mzunguko wake juu na nchani. Tufunge fundo kila mahali. Shangazi akaitikia kwa kichwa kila neno. Kupima ilikuwa kazi yake.

Shangazi hakuwa na habari na kamba. Alipima kwa ukili, ule utepe wa miyaa uliosukwa, ambao akiunganisha mmoja na mwingine ndipo unapata mkeka. Ukili hauvutiki, alisema, na kamba ni mwongo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ua mzima tope. Mama alisimama karibu na mlango wa choo, kashika pipa la maji, na mguu wake mzima ndani ya mtalawanda, kama ilivyo desturi ya wanawake wa kwetu wakiwa uani. Kiatu cha mti, kina visigino viwili chini na kijiti cha kubana kwa vidole. Mimi nilimshika upande wa pili.

"Simama wima, wifi, mbona umejikunja kama ngisi?"

"Nitasimamaje wima na mguu mmoja? Mimi korongo?"

"Lo! Paja hili! Ndiyo maana kaka yangu hakuwa akitoka jioni."

"Pima, usithamini."

Akapima, akafunga mafundo, akakunja ukili vizuri kama anayefunga zawadi. Fundi alipoupokea alicheka mpaka kalamu ikaanguka. "Wenzenu wananiletea mguu," akasema, "nyie mmeniletea jamvi." Lakini aliutandika juu ya ubao wake, akaweka alama, akasema tutaitwa.

Tuliitwa mihogo ya msimu ule ilipokwisha kuvunwa. Mguu ulikuwa juu ya meza, na niseme kweli, ndoto zangu zilianguka. Ulikuwa mti mweupe mweupe, umetobolewa juu kama kinu kidogo ili kigutu kiingie. Pembeni vyuma viwili vyenye bawaba mahali pa goti, na juu yake gamba la ngozi la kufungia paja, lina matundu na kamba kama buti la askari. Unyayo wake bapa, hauna hata kidole kimoja, umepigiwa mpira wa gurudumu la gari. Hina ungeipaka wapi?

Mama hakuangalia vidole. Aliupapasa kwa ndani, taratibu, kama anavyopapasa sufuria ya kuazima kutafuta tundu. Nesi alikuwepo siku hiyo. Wakaingia nyuma ya pazia, akafungwa, akatoka ameshika meza.

Nyonga ya upande wa mti ilikuwa imepanda juu. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi kwa mguu mmoja na wa pili bado uko chini. Alipojaribu kwenda, mti ulimsukuma upande, akairudia meza.

Fundi akachuchumaa. Akatazama. Akauchukua ukili, akaulaza juu ya mti, fundo kwa fundo. Sawasawa.

"Ukili wenu ndio huu, na mguu ndio huu," akasema. "Mti nikisha kuuchonga hauoti tena. Labda mama amepungua."

Shangazi akaja juu. "Mkono huu umesuka mikeka tangu sijavunja ungo! Haujapata kukosea!"

"Sijasema umekosea, mama. Nasema mguu ni mrefu. Uacheni niukate."

Mama akaukumbatia mguu. Kwake yeye kitu cha bure ukikiacha mezani, kesho utaambiwa njoo kesho. Fundi akamwambia hauendi popote, umechongwa kwa kigutu chake, nani mwingine atauvaa? Haikusaidia. Tukarudi nyumbani, yeye kwa magongo, mimi nimebeba mguu begani, na watoto wa mtaani wakitufuata kwa heshima kubwa.

Alasiri hiyo Mama aliutaka tena. Akaufunga mwenyewe, akajivuta hadi mlango wa uani, akatumbukiza mguu mzima kwenye mtalawanda aende choo. Akasimama. Nilimwona ameduwaa, mikono hewani, hajashika kitu chochote.

"Wifi," akaita polepole. "Hebu njoo."

Shangazi akaja na ukili mdomoni.

"Siku ile ulinipima na mtalawanda."

Shangazi akatazama chini. Mabega ya Mama yalikuwa sawa, nyonga sawa. "Na wewe," akasema, "si ndiwe uliyesimama nao?"

Walicheka mpaka Shangazi akakaa kwenye tope. Nami nilicheka, nikasema kesho turudi kwa fundi, kazi ndogo, atakata kipande tu. Mama akaacha kucheka.

"Nirudi nikamwambie nini? Kwamba wanawake wa Ngamiani hupima mguu na kiatu chake? Na safari hii hatakubali ukili. Atataka kupima mwenyewe. Mguu ninao, mtalawanda ninao. Kuna upungufu gani?"

Basi akawa anavaa vyote viwili. Ua wetu ulikuwa mgumu, umeshindiliwa miaka na miaka, akatembea juu yake bila gongo. Ko, puu. Ko, puu. Majirani wakaja kuona, na maneno yao wakaja nayo.

"Angalia, bibie, usije ukauchochea jikoni kwa kusahau!"

"Kuni zikipungua tutaona," akawajibu.

Alijaza sufuria maji, akaukamata mwiko, akakoroga maji yale asubuhi nzima. Mimi nilikaa na kofia yangu nisiyoshona, nikaona shughuli za Tanga nzima zinamrudia, kutoka mjini mpaka Pangani.

Ya kwanza ilitoka Kigombe. Binamu yake alikuwa anaozesha binti, akaja kumtaka Mama kwa udugu, akasema mpishi wa Chuda naye atakuwepo kusaidia. Tulikwenda kwa lori la samaki lililokuwa likirudi tupu. Mama alikaa mbele na dereva, mguu wake umefunikwa kanga mpya.

Hakuna kati yetu aliyefikiria jambo moja: Kigombe ni mchanga. Ua wa binamu ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, laini, umefagiwa kwa ajili ya wageni. Unyayo bapa wa mti ulikaa juu yake vizuri. Mtalawanda ukazama. Kila akiusukuma mwiko, visigino vile viwili vilichimba chini kidogo, naye anainama upande huo kidogo, na anajivuta, na anakoroga. Uso ulimtoka jasho, lakini alikoroga. Nyama ikawa tayari, mchele ukaingia. Kisha akajipinda kugeuza chini ya sufuria, kijiti kikachomoka katikati ya vidole, mtalawanda ukabaki mchangani na mguu ukatoka. Mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Akaenda na mwiko kuelekea motoni.

Yule wa Chuda alimdaka kiunoni kwa nyuma, akamshikilia. Hakupiga kelele. Alimkalisha chini, akauokota mwiko, akaendelea kukoroga pale pale Mama alipoachia, maana mchele haungoji mtu.

"Kaa, mwenzangu," akasema bila kugeuka. "Kuna mchele wa jioni haujachaguliwa."

Binamu akaleta ungo. Mama akaupokea. Nilimwangalia akichagua, punje kwa punje, na mtalawanda umesimama peke yake mchangani karibu na mafiga. Nilitaka kwenda kuuchukua, nikaona nikiuchukua watu watageuka kuutazama, nikauacha.

Tulirudi kwa lori. Tulipofika Tongoni, dereva aliposimama kupakia nazi, Mama akaniambia, "Kesho twende kwa fundi."

Siku ya pili yake karakana ilikuwa na watu walewale au wanaofanana nao. Mama hakungoja zamu. Aliingia, akakaa kwenye kiti kile cha kupimia, akamwambia fundi, "Leo pima wewe."

Fundi akaweka randa chini. "Ukili uko wapi?"

Mama akamweleza, kwa maneno machache, habari ya mtalawanda. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, uso mkavu. Akasema, "Samahani kidogo, mama," akatoka nje. Tukamsikia huko anacheka, kisha benchi lote likapokea.

Aliporudi macho yalikuwa na machozi, lakini adabu yake ilikuwa palepale. Alimwita nesi. Akatundika shuka mlangoni. Mama akapandisha kanga kwa mikono yake mwenyewe, akaangalia ukutani, penye misumeno, na hakuuondoa uso huko mpaka kazi ikaisha. Fundi alipima bila kuimba. Alimtaka aweke unyayo mtupu kwenye sakafu. Kisha akauliza swali ambalo siku ya kwanza sisi wote tulilisahau, kwa sababu ya kushindana juu ya nguo.

"Mama unafanya kazi gani?"

"Napika shughuli."

"Unasimama kwenye nini?"

"Mchanga, tope, majivu. Popote watu wanapooana."

Fundi akafikiri. Akakata mti, akaupanua ule unyayo kwa kuongeza mpira pembeni, ukawa mpana kama wa bata. Mbele, kuanzia chini ya goti, akapigia bati la debe, moto usimbabue. Mimi nikauona mguu umezidi kuwa mbaya. Mama akausifu.

Basi wiki kadhaa zikapita. Hakuna aliyekuja kumtaka. Habari ya Kigombe ilikuwa imefika mjini kabla yetu. Mama alitembea uani kila siku, pekupeku na mti, akijifundisha. Kigutu kilimtoka malengelenge, kikapona, kikatoka tena.

Aliyekuja alikuwa yule wa Chuda. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Karibu ukae," Mama akamwambia.

"Sikuja kukaa. Nina shughuli Ijumaa, hapa nyuma ya soko. Sufuria mbili, na mikono yangu ni hii tu."

"Unataka mtu wa kukuchagulia mchele?"

"Wachagua mchele wamejaa mji mzima. Nataka mtu wa sufuria ya pili." Akautazama mguu wa bati. "Ule wa Kigombe uliutupa?"

"Nimeukata."

"Afadhali. Usichelewe."

Ijumaa hiyo mimi nilipewa vitunguu, magunia. Nilikuwa nimejiandaa kulia nikimwona Mama amesimama, lakini vitunguu vilinitangulia, kwa hiyo hakuna aliyejua. Aliutanua mguu wake na mguu wa Serikali, akafunga kibwebwe, akashika mwiko. Moto uliwaka mbele ya bati. Kila baada ya muda alihamishia uzito upande wa mguu mzima, akang'ata mdomo, akarudi. Shangazi akamletea kigoda kwa siri.

"Kaa kidogo, wifi, hakuna anayeangalia."

"Ukikileta karibu hicho nakichochea."

Shangazi akakiondoa. Nyama ikaiva, mchele ukaingia, maji yakakauka. Mama akageuza chini juu, mara ya mwisho, mwiko umeshikwa kwa mikono miwili, akafunika, akaita makaa. Tukapakia makaa juu ya mfuniko. Hapo ndipo alipokubali kuketi.

Alifungua kamba za ngozi, akautoa mguu, akaulaza mkekani kando yake. Kigutu kilikuwa chekundu kama pilipili. Nikamfunika kwa kanga yangu.

Wageni walipokwisha kula, zilibaki sufuria. Kwetu ukoko, ile pilau iliyogandia chini ikakaangika kwa mafuta, haugawiwi wageni. Ni haki ya aliyesimama kwenye sufuria mpaka mwisho. Yule wa Chuda alizikwangua zote mbili mwenyewe, kila moja katika sinia lake. Moja akalitua mbele ya Mama, jingine akakaa nalo, miguu amenyoosha, anapumua kwa nguvu.

Wakala. Shangazi na mimi tulingoja tupewe.

"Yako umeizidisha hiliki," Mama akasema, baada ya kuonja kwenye sinia la mwenzake.

"Na yako chumvi haijafika."

"Haijafika wapi? Ulimi wako umekufa kwa moshi."

"Lete nionje tena," akasema yule wa Chuda, akajisogeza, akauweka kando mguu wa mti usimzuie, akanyoosha mkono kwenye sinia la Mama.